Boneti Ikiwa Wazi

Vijana wa gereji wameniomba niandike kazi yangu kabla sijaisahau. Niliwaambia mimi niliishia darasa la saba na mwandiko wangu unafanana na nyaya za distribyuta zilizofungwa na mlevi. Wakasema niandike hivyo hivyo. Basi naandika. Sitataja nilikuwa nalipwa ngapi wala nani alikuwa chini yangu, kwa maana hayo hayajawahi kulegeza nati. Nitaandika zaidi habari ya gari moja, kwa sababu hata leo utasikia watu wakisema gari ile iliuawa na mafuta na siasa. Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Sehemu iliyobaki ni yangu, na sidhani kuna mtu mwingine atakayeiandika.

Nilianza kwa Bwana Harbans, Kalasinga aliyekuwa na gereji nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Siku ya kwanza sikupewa spana. Nilipewa kigoda na kitambaa, nikaambiwa nikae karibu na injini inayonguruma, nisiguse kitu, nisikilize. Nilisikiliza siku tatu. Siku ya nne akaniuliza ni silinda gani yenye shida. Nikasema ya pili. Ilikuwa ya tatu. Akasema, "Karibu," akanipa spana. Hadi leo sijui kama alinikaribisha kwa kuwa nilikosea kidogo au kwa kuwa nilikaa siku tatu bila kuguna.

Kitu cha maana zaidi alichonifundisha ni tapeti. Kwa wale wasio mafundi: juu ya injini kuna vavu, milango midogo ya kuingiza petroli na kutoa moshi. Kati ya kila vavu na chuma kinachoisukuma pana nafasi nyembamba kuliko kucha. Nafasi hiyo tunaipima kwa fila, vipande vya chuma vilivyofungwa pamoja kama kisu cha mfukoni, kila kipande na namba ya unene wake. Mimi kijana nilipenda kukaza tapeti mpaka injini inyamaze kabisa. Bwana Harbans alikuwa akipita nyuma yangu na kuzilegeza. "Hapana funga sana," alikuwa akisema. "Tapeti nataka kusema kidogo." Nilidhani masikio yake yamezeeka. Alipofunga gereji akanipa fila yake, ile ambayo kipande cha kumi na mbili kimelika ncha kwa kutumika. Nikaichukua fila. Maneno niliyaacha pale.

Nikahamia Kangemi, kwenye uwanja mdogo unaotazamana na mtaa wa Mountain View, tukawa mafundi watatu chini ya mabati. Wenye magari ya zamani wakanifuata. Watu hawa hawafuati gereji, wanafuata mkono. Walitoka Kileleshwa, walitoka Hurlingham, wakashuka na magari yao yanayong'aa kwenye vumbi letu, na majirani wakadhani kila Jumamosi kuna harusi.

Mmoja wao alikuwa Mzee Njuguna, mchora ramani mstaafu wa Kileleshwa, aliyekaa kwenye nyumba ya zamani yenye paa la vigae huku maghorofa yakimea pande zote. Gari lake lilikuwa saluni ya Kiingereza, yaani gari la familia, rangi ya krimu, aliyoinunua akiwa kijana. Watoto wake waliiita Shosho, yaani nyanya, kwa sababu nyanya yao ndiye alikuwa akikaa kiti cha mbele na hakuna aliyethubutu kumwambia ahame. Nyanya alikufa, jina likabaki. Mzee aliniambia mara moja tu, akiwa ananawa mikono, kwamba ramani zake zote zimeshachorwa upya na watu wengine, lakini Shosho hakuna aliyemgusa isipokuwa yeye na mimi. Nikampa kitambaa cha kujifutia. Nadhani ningepaswa kujibu.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kundi lao lilikutana Hurlingham, kwenye maegesho mbele ya maduka, na mimi nilialikwa ili mtu akose kujifanya anajua asichojua. Kulikuwa na sheria moja. Ilianza mwaka wa kura ya maoni ya katiba, ule wa alama za ndizi na chungwa, wakati wanaume wawili wazima walipotaka kupigana juu ya kabureta. Tangu siku hiyo ikawa: boneti ikiwa wazi, siasa inafungwa. Anayetaja mwanasiasa boneti ikiwa juu anawanunulia wote chai. Na kwa kuwa watu wa magari ya zamani hawafungi boneti kamwe, ilikuwa ni amani siku nzima. Madam Akinyi, mfanyakazi wa benki mwenye gari dogo jekundu, alikuwa akisema Bunge nalo lifunguliwe boneti.

Siasa yenyewe ilitufikia kwa njia nyingine. Siku ya bajeti kusomwa ilikuwa siku mbaya kwangu. Magari haya yanakunywa, na petroli ikipanda, mtu anaweka gari juu ya mawe, anatoa betri, anasema atalichukua hali ikiwa nzuri. Hapo ndipo gari hufa: kutotembea kunaua kuliko kutembea. Petroli ikipanda, pia kulikuwa na wauzaji waliochanganya mafuta taa. Hiyo ni rahisi kujua. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uweke kivulini. Petroli safi inakwenda zake kama mgeni mwenye haya, haiachi alama. Mafuta taa yanaacha doa la mafuta. Nimeshika magari mengi kwa karatasi.

Kisha petroli yenyewe ikabadilika. Wakatoa risasi ndani yake, yale madini yaliyokuwa yakichanganywa tangu zamani, kwa ajili ya afya za watoto, na hapo siwezi kulaumu mtu. Watoto ni wengi kuliko magari yetu. Lakini kukawa na maneno kwamba injini za zamani haziwezi bila risasi, na kwamba kuna chupa ya dawa ya kumimina ndani ya tangi kila ukijaza. Chupa ilikuwa ghali. Madam Akinyi alinunua. Wengine wakacheka, wakasema ni maji ya rangi.

Mzee Njuguna akaniuliza mimi.

Sasa ndipo nataka kuandika polepole. Baada ya petroli mpya, Shosho alianza kutulia. Tapeti ambazo miaka yote zilikuwa zikisikika kidogo zikapunguza sauti mwezi baada ya mwezi, bila mimi kuzikaza. Fila yangu ya kumi na mbili ikawa haipiti. Nikapima kwa kumi, kisha nane. Nilijua nafasi inapungua. Lakini injini ilikuwa imetulia kama paka, na Mzee alikuwa akisimama kando ya gari akitabasamu, na mimi nikaona petroli mpya ni safi, inalainisha mambo. Hivyo aliponiuliza kama anunue chupa, nilimwambia, "Mzee, sikiliza mwenyewe. Hii injini haidai kitu. Hiyo pesa weka petroli." Madam Akinyi alikuwa amesimama pale. Akaniuliza, "Fundi, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi ghasia. Yaliyotokea kila mtu wa hapa anayajua, na kuna walioumia ambao wanastahili kuyaandika kuliko mimi. Nitasema tu ya gereji. Mimi kwetu ni Bungoma. Mzee kwao ni Kiambu, na mwaka ule kwetu na kwao tulihesabiwa pande mbili. Barabara zilifungwa, petroli ikawa haba, na Jumapili ya mwisho wa mwezi ikapita bila mtu kwenda Hurlingham. Waliokuwa wakija wakaacha kuja. Mafundi wenzangu wakasema sasa kila mtu anakwenda kwa fundi wa kwao. Wiki zikapita, Shosho hajaonekana. Nikamhukumu Mzee moyoni. Nilisema, hata yeye. Naandika hili kwa kuwa baadaye nililalamika kwamba nimehukumiwa, na ni haki ijulikane nani alianza.

Ndipo Madam Akinyi akaja kubadilisha plagi. Hakuzunguka. Akasema Shosho ameshindwa kupanda kilima cha kutoka mtoni, amevutwa kwa kamba mpaka nyumbani, injini haina nguvu hata ya kujitikisa. Na kijana wa Mzee, Kariuki, aliye mtu mzima mwenye familia, anasema mahali pote kwamba fundi wa Kangemi aliweka mafuta taa kwenye tangi kwa sababu ya kura.

"Mzee anasemaje?" nikauliza.

"Mzee hasemi kitu. Hiyo ndiyo mbaya."

Nilikasirika, nikaiweka fila chini. Nikamwomba aniletee chupa moja ya soda yenye petroli kutoka tangi la Shosho. Nilitaka kuona doa. Nitasema ukweli: niliomba doa liwepo. Doa likiwepo, ni muuzaji fulani wa petroli, ni bei, ni serikali, ni nyakati. Mkosaji angekuwa mtu nisiyemjua.

Aliileta siku iliyofuata. Nikadondosha kwenye karatasi, nikaiweka chini ya mabati, nikangoja. Karatasi ikabaki nyeupe. Nikadondosha tena mahali pengine. Nyeupe.

Madam Akinyi alikuwa amekuja na gari lake, basi, kwa kukosa la kufanya, nikafungua kifuniko cha injini yake nikapima tapeti. Kumi na mbili zote, kama nilivyoziacha. Gari la Kiingereza, umri ule ule, petroli ile ile. Tofauti ilikuwa chupa. Nikasikia Bwana Harbans akisema, "Tapeti nataka kusema kidogo," na nikaelewa kwa nini, miaka thelathini baadaye, nimesimama na karatasi nyeupe mkononi.

Vavu hukaa kwenye kiti cha chuma. Risasi ilikuwa ikilinda kile kiti. Ilipotoka, kwenye injini za zamani kiti kikaanza kuliwa, vavu ikazama polepole, na ikizama, nafasi ya tapeti inapungua. Injini inanyamaza. Halafu nafasi inaisha, vavu haifungi tena, na mlango usiofungwa kwenye moto unaungua. Ule utulivu tuliokuwa tukiusifu ulikuwa gari likifa mbele yetu. Ningelegeza tapeti mara ya kwanza fila ilipokataa kupita, ningeona nafasi imepungua tena mara ya pili, na ningejua.

Nina daftari. Tangu kwa Bwana Harbans nimeandika kila gari nililolifungua, si hesabu za pesa, ni kazi tu. Usiku ule sikulifungua, niliogopa. Asubuhi nikalifungua. Kwa mkono wangu mwenyewe: "Shosho. Tapeti zimepungua. Injini kimya. Nzuri." Mwezi mwingine: "Shosho. Zimepungua tena. Nzuri." Mara nne. Mara nne nimeandika nzuri.

Mafundi wenzangu waliniambia nisiende. Mmoja akasema, "Ukikubali kosa saa hii, hawatasikia kosa. Watasikia kabila lako limekubali." Bado naona alikuwa na hoja. Wangeweza kulipokea hivyo. Mwingine akasema kwamba Mzee ni mtu mwema, basi na niache mafuta yabebe lawama, kwa maana mafuta yamezoea. Hiyo nayo nikaifikiria kwa muda kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilikwenda Jumamosi, saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa shati la kanisani na daftari kwapani. Kariuki ndiye aliyenifungulia lango, nusu.

"Wewe ndiye umekuja," akasema.

"Nimekuja kumwona Mzee."

"Kumwona ulivyommaliza? Nyinyi watu mlipiga kura yenu, si ingetosha? Lazima mpaka gari ya mzee?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno kama hayo na bado sikuwa tayari. Nikafungua mdomo, na nafikiri ningesema kitu kibaya, kwa sababu nilikuwa nacho.

Mzee Njuguna alikuwa amesimama kibarazani, sweta lake la kijivu, akitusikiliza. Hakutusalimia. Alishuka ngazi polepole, akaenda mpaka kwa Shosho chini ya kibanda, akashika kishikio, akainua boneti na kuisimamisha kwa fimbo yake ya chuma. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kariuki. Boneti iko wazi."

Kijana alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Hakuwa mwanachama wa kundi lolote, lakini alikuwa amekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari lile. Akafungua lango nusu iliyobaki. Baadaye akaleta chai, na nikasema mbele ya baba yake kwamba si lazima, akajibu bila kunitazama, "Sheria ni sheria."

Nikaweka daftari juu ya fenda. Nikamwonyesha Mzee kurasa nne, moja baada ya nyingine, nikamweleza viti na vavu na risasi kama nilivyoeleza hapa. Nikamwambia mafuta taa hayakuwepo. Nikamwambia petroli mpya ndiyo iliyokula viti, lakini mimi ndiye niliyeambiwa na fila mara nne nikaandika nzuri, na mimi ndiye niliyemwambia asinunue chupa.

Alisoma muda mrefu. Mchora ramani husoma polepole. Kisha akavua miwani.

"Ningenunua?" akauliza. "Fundi, petroli ilikuwa imenifanya nianze kuficha risiti mbele ya Mama Kariuki. Ungeniambia ninunue chupa, ningekwambia nimenunua hata kama sijanunua. Nami nilikupenda kwa sababu uliniambia nisinunue."

"Hiyo haipunguzi yangu, Mzee."

"Sijasema inapunguza. Nasema na yangu iandikwe."

Basi naiandika.

Halafu akaniuliza swali lenyewe, kama Shosho atapona. Nikamwambia sijui. Kuna njia: kutoa hedi, kipande cha juu cha injini kinachobeba vavu, kuchonga viti vilivyoliwa na kupachika viti vipya vya chuma kigumu, ambavyo havihitaji risasi. Lakini hedi ile haipatikani tena Nairobi, wala mahali pengine nijuapo, na chuma cha umri ule kinaweza kupasuka kikichongwa. Kikipasuka, amebaki na mapambo ya bustani. Alikaa kimya kidogo, kimya ambacho sasa kilinitisha, nikamwomba aseme kitu. Akasema, "Chukua."

Nilipeleka hedi mwenyewe kwa wakereza vyuma wa Barabara ya Kirinyaga, mita chache kutoka ilipokuwa gereji ya Bwana Harbans. Siku hizi wanauza vioo vya pembeni pale. Mkerezaji aliniambia nirudi baada ya siku mbili. Nilikaa pale pale kwenye mkebe siku zote mbili, nikisikiliza mashine. Kiti cha tatu kilipokuwa kikichongwa sauti ilibadilika, na nikasimama, na mkerezaji akasimamisha mashine akachungulia kwa kurunzi. Ulikuwa mkwaruzo tu. Akaniambia, "Wewe mzee, nenda nyumbani, unaniletea bahati mbaya." Sikwenda.

Nilifunga hedi Kileleshwa, chini ya kibanda, na Kariuki ndiye aliyenipa spana moja moja. Hatukuongea siasa, kwa maana boneti ilikuwa wazi, na kazi ilichukua siku tatu, hivyo siku tatu hatukuongea siasa. Aliniuliza kila kitu kinaitwaje. Mwishoni akasema kwamba lile neno la mafuta taa alilisema kwa watu wengi na hajui atalirudisha vipi. Nilimwambia na mimi nilisema neno juu ya baba yake, ila mimi nililisema moyoni, basi langu ni rahisi kulirudisha. Sijui kama ni kweli.

Injini ilipowaka, Mzee alikunja uso.

"Inapiga kelele."

"Inasema, Mzee."

"Zamani ilikuwa hivi?"

"Zamani kabisa."

Alisimama akiisikiliza ile tik-tik-tik nyepesi, kichwa kimeinama upande, mpaka Mama Kariuki akatoka jikoni kuuliza ni cherehani ya nani.

Kundi lilirudi Hurlingham baada ya miezi kadhaa, wachache kuliko zamani. Wengine walikuwa wameuza. Petroli haikushuka kamwe kwa namna ya kutajika, na siwezi kumlaumu mtu anayechagua karo ya shule badala ya kabureta. Wawili hawakurudi kwa sababu nyingine, ambazo sikuuliza. Sheria ilibaki. Wote waliobaki walipachika viti vigumu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimwonyesha zile kurasa nne kabla hajaniachia funguo, ili ajue anamwachia nani.

Fila ya Bwana Harbans iko kwenye msumari mlangoni mwa gereji. Kipande cha kumi na mbili kimelika, kwa hiyo mnunue kipya, msikiamini. Daftari nalo liko kwenye droo. Ukurasa wa siku ile nilipomfunga Shosho unasema hivi: "Shosho. Viti vipya vinne. Tapeti zote kwa namba kumi na mbili. Zinasikika. Nzuri? Sijui. Aje Jumamosi nipime tena."

Jumamosi saa tatu nilimsikia Shosho akishuka kutoka barabara kubwa ya Waiyaki Way, tik-tik-tik, kabla sijamwona.